Mashine Haiinuki

Fundi wa mashine za boti huletewa maneno mawili tu: mashine haiinuki. Mwenye boti akishayasema huona amemaliza kueleza; huweka mikono kiunoni akangoja kuambiwa bei. Kumbe nyuma ya maneno hayo kuna maradhi zaidi ya kumi yasiyo na undugu wowote: fyuzi iliyokatika, waya uliooza ndani ya ganda huku nje unang'aa, maji ya chumvi ndani ya mota, oili iliyopungua, punje ya mchanga iliyoizuia vali isifunge, au skrubu ambayo kijana wa boti aliilegeza juzi usiku akasahau kuikaza. Kuyatibu mengi kati ya hayo si kazi kubwa. Kazi ni kujua ni lipi, na hapo ndipo fundi hodari na fundi wa kubahatisha wanapoachana njia.

Lamu ni pahali pazuri pa kuitazama kazi hii. Magari kisiwani ni ya kuhesabu; anayetoka bara huvuka kwa boti kutoka Mokowe, anayeshuka kwenye ndege huvuka kutoka Manda, na boti isiyoweza kuinua mashine yake haikai kazini muda mrefu. Kwenye bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Boti iliyoelea asubuhi, adhuhuri imelala kwenye tope, na kama mashine ilibaki chini, uzito wa tezi nzima unakalia rafadha na giaboksi.

Mashine ndogo hazina taabu hii. Ole Evinrude alipoanza biashara ya mashine zake kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, mashine moja ilikuwa na nguvu-farasi 1.5, na mtu mmoja aliibeba mwenyewe mpaka kwenye boti. Hata mashine ya nguvu-farasi 40 wanayoipenda wavuvi wetu, yenye zaidi ya kilo 70, kijana mwenye mgongo mzima huishika kwa nyuma, akaivuta kwa pumzi moja mpaka ndoana yake ikanasa. Lakini ya 200 ina zaidi ya kilo 200. Hapo hakuna kijana wala mgongo. Ndipo watengenezaji wakaweka umeme na oili vifanye kazi ya mkono, na mfumo huo mabaharia wakauita kwa majina yake ya kigeni: trimu na tilti.

Umejificha katikati ya mabano mawili yanayoishika mashine kwenye tezi. Chini kuna mota ya umeme ya volti 12. Mota inazungusha pampu ndogo ya gia, pampu inasukuma oili, na oili inasukuma rodi za silinda tatu: mbili fupi pembeni na moja ndefu katikati. (Ziko mashine zenye silinda moja tu, ila hizi za tatu ndizo zinazofundisha.) Rodi fupi ni za trimu. Hufanya kazi katika digrii kama 20 za mwanzo, boti ikiwa mwendoni, polepole na kwa nguvu, kwa kuwa zinashindana na msukumo wa rafadha. Nahodha akiondoka gatini huibana mashine ndani ili omo isinyanyuke kupita kiasi. Boti ikishakaa juu ya maji, huitoa nje kidogo kidogo, omo ikapanda, bodi ikagusa maji machache, na mafuta yakaokoka. Akizidisha, boti huanza kurukaruka na rafadha hukamata hewa. Rodi fupi zikifika mwisho wake, ile ndefu huichukua mashine peke yake hadi karibu digrii 70, tena kwa haraka zaidi, maana sasa oili yote ya pampu inaingia silinda moja. Mwenye sikio huusikia mpito huo. Nahodha mzoefu hujua mashine imefika wapi bila kugeuza shingo.

Ninachokipenda zaidi kwenye kifaa hiki ni jinsi kinavyokubali kipigo. Boti ikiwa kasi ikagonga gogo linaloelea au fungu la mchanga, mashine haina budi kunyanyuka papo hapo. La sivyo kitavunjika kitu, iwe giaboksi, bano au tezi yenyewe. Na oili haishindiliki. Ingekuwa imefungiwa tu ndani ya silinda, mashine isingesogea hata kidogo. Kwa hiyo ndani ya pistoni ya rodi ndefu kuna matundu yaliyozibwa na gololi zenye springi kali. Kipigo kikija, shinikizo huzisukuma gololi, oili ikapenya katikati ya pistoni, rodi ikachomoka, mashine ikanyanyuka. Chini ya pistoni hiyo ipo ya pili, isiyofungwa kwenye rodi. Hiyo haikusogea. Imebaki pale pale mashine ilipokuwa kabla ya kugonga, na mashine ikirudi chini inaikuta, inatulia juu yake, kwenye pembe ile ile aliyoichagua nahodha. Hakuna waya hapo, hakuna kompyuta; ni chuma, oili na springi, na pembe haijapotea.

Ndiyo maana sina uvumilivu na tiba ya kipande cha mbao. Tilti ikifa, wako wanaoipachika mashine kigogo cha mkoko ikae kwenye pembe inayofaa, wakaendelea kubeba abiria miezi. Mashine inatembea, ni kweli. Lakini imegeuzwa kuwa kitu kisichotoa nafasi, na siku ya kugonga fungu, hesabu yote italipwa na tezi.

Fundi ninayependa kumtazama ni mzee mmoja ambaye vifaa vyake vya kupimia vinaenea kwenye ndoo moja. Hafungui kitu kabla ya kubonyeza, na habonyezi kabla ya kuuliza: iliacha ghafla au ilichoka polepole? Inakataa kupanda, au inapanda haikai? Imeguswa na nani? Swali hili la mwisho huwakera wenye boti, ila ndilo linalozaa zaidi. Nilimsikia kijana mmoja akimsihi, "Mzee, tia mota mpya tu, nina wageni kesho." Mzee akamjibu, "Mwanangu, mota haijasema kitu bado."

Anaanza na swichi. Mashine kubwa huwa na mbili: moja kwenye mkono wa gia, chini ya kidole gumba cha nahodha, na nyingine ubavuni mwa mfuniko wa mashine. Ya mkononi ikinyamaza na ya mfuniko ikainua, basi kwa kidole kimoja tu ameshaitoa lawamani betri, rilei, mota, pampu na oili. Shida iko kwenye swichi ile au kwenye waya wake, ambao hukunjwa na kukunjuliwa kila mkono unaposukumwa mbele na nyuma, mpaka shaba inakatika ndani ya ganda lisilo na alama yoyote.

Zikinyamaza zote mbili, anatega sikio. Rilei inalia "tiki" au hailii? Isipolia, umeme mdogo wa kuiamsha haufiki, na safari inarudi nyuma kwenye fyuzi na plagi. Ikilia na mota isizunguke, umeme mkubwa ndio unaopotea njiani. Hapa pana mtego mmoja ambao nimeona ukiwala mafundi wenye vyeti. Rilei ni mbili, ya kupandisha na ya kushusha. Zikiwa hazijabonyezwa, kila moja imeushika waya wake wa mota kwenye ethi, yaani upande hasi wa betri. Ukibonyeza juu, rilei ya kupandisha inaupa waya wake umeme, na waya wa pili unaendelea kupata ethi kupitia rilei ya kushusha, ambayo haijafanya kitu ila kukaa. Basi ikiwa mguso wa kukaa wa rilei ya kushusha umeota kutu, mashine haitapanda, ingawa ya kupandisha ni nzima kabisa. Anayenunua rilei mpya ya kupandisha amenunua hasara. Mzee haingii kwenye mjadala huo. Rilei zikiwa za aina moja, anazibadilishana nafasi. Ugonjwa ukihama, ukawa sasa haishuki lakini inapanda, mwenye kosa amejulikana.

Kwa kupima umeme wa mota ana mita nzuri ya kidijitali aliyoletewa na mwanawe, na anaitumia. Lakini mwenye neno la mwisho ni balbu ya taa ya gari iliyounganishwa nyaya mbili. Mita haili umeme. Waya mnene uliooza ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaionyesha volti 12 kamili, na fundi wa haraka atasema umeme upo, mota imekufa. Balbu ina njaa. Ukiiweka mahali pa mota ukabonyeza, uzi ule mmoja hauwezi kuilisha, na balbu inawaka hafifu kwa rangi ya machungwa. Waya umesema ukweli. Anayetaka kutumia mita peke yake naye ana njia: apime huku mota imeungwa na swichi imebonyezwa, aone volti zinavyoanguka kazi inapoanza. Kupima waya uliopumzika hakumwambii mtu mengi.

Mota yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, mara nyingi ni maji. Inakaa chini ya mfumo, na boti ikitia nanga, mota huzama kila siku. Sili yake ikichoka kidogo tu, chumvi huingia. Ukiifungua hutoka maji ya rangi ya chai, brashi zimenata kwenye nyumba zake, na sumaku zilizogandishwa kwa gundi zimesukumwa na kutu mpaka zinakwaruza kiini kinachozunguka. Brashi hubadilishwa na kutu husuguliwa. Sumaku iliyopasuka haina dawa.

Mota ikizunguka na mashine isipande, tumevuka mpaka: umeme tumeuacha nyuma, tumeingia kwenye oili. Hapa pia sauti huongoza. Mota ikilia nyepesi na haraka, haina mzigo. Pampu haisukumi, au inasukuma na oili inarudi kwa njia ya mkato. Ikinguruma nzito halafu ikakata, kuna kitu kimeganda, aghalabu ni pini ambayo mashine huinukia, isiyoona grisi tangu ilipotoka kiwandani. Kitu cha kwanza anachokigusa mzee ni ile skrubu inayoonekana kupitia tundu la bano, ambayo huachia oili ili mashine iweze kuinuliwa au kushushwa kwa mikono betri ikifa. Vijana huilegeza gizani, asubuhi hakuna anayekumbuka. Huikaza kwa bisibisi, hubonyeza, mashine inapanda, na hatozi kitu. Nadhani furaha ya kuona uso wa mwenye boti inamtosha.

Kisha oili. Kizibo hakifunguliwi ila mashine ikiwa juu kabisa na imeshikwa, kwa sababu mbili: rodi zikiwa nje, oili iliyobaki kwenye tangi ndiyo kipimo cha kweli, na mashine ikiwa chini, kufungua kunaweza kukurushia oili usoni. Mzee huchovya kidole akakiangalia juani. Oili nzuri ni nyekundu na inapenyeza mwanga, maana mashine nyingi hutumia ile ile ya giaboksi za otomatiki za magari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta, gia za pampu zinajila. Lakini kinachomfanya aguse paji la uso ni harufu ya oili ya breki. Watu huitia kwa kuwa iko dukani na ni ya haidroliki pia, wasijue kwamba mpira wa oringi, zile pete zinazozuia oili isivuje, hauivumilii; huvimba na kulainika, na kazi ya sili moja inakuwa kazi ya sili zote.

Malalamiko ya pili kwa wingi ni haya: inapanda, haikai. Usiku imeachwa juu, alfajiri rafadha iko mchangani. Hili ndilo linalotaka subira hasa, kwani kipimo chake ni muda wenyewe. Mzee huipandisha, hubandika kipande cha plasta kwenye rodi pale inapoingilia silinda, kisha huenda kushughulika na mengine. Akirudi huangalia pengo. Kama nje ya silinda ni pakavu, oili inavuja ndani kwa ndani: oringi za skrubu ya mkono, vali za kuzuia, au pistoni. Huanza na skrubu, kwa kuwa oringi zake ni ndogo, hazina bei, na huchomoka bila kuvunja chochote, halafu anapima tena kwa siku nyingine nzima. Mwenye boti humwona anapoteza muda. Lakini silinda nzima na pampu yake, mpya, bei yake huweza kukaribia ya mashine ndogo iliyotumika. Siku mbili za kungoja ni rahisi.

Ikibidi kuvunja, jambo la kwanza ni kuifunga mashine. Kishikizo chake cha kuegeshea ni cha boti iliyotia nanga. Mtu anayeingiza mikono chini ya kilo 200 huongeza mnyororo kwenye boriti ya juu. Halafu huja bolti. Ni za chuma kisichoshika kutu, zimeingia kwenye aluminiamu, katikati yake maji ya bahari, na kwa miaka aluminiamu imekuwa ikiliwa mpaka unga wake mweupe umezigandisha. Nguvu hapa ni adui, maana kichwa cha bolti kikikatika, saa moja imegeuka siku tatu. Mzee hutia oili ya kulainisha, hugonga taratibu kwa nyundo ndogo, hupasha bano moto, huikaza bolti kidogo kabla ya kuilegeza, kisha huiacha ilale. Nimemwona akifanya hivyo jioni, akafunga karakana akaenda kuswali magharibi, asubuhi bolti ikatoka kwa mkono mmoja.

Mfuniko wa silinda hauna kichwa cha spana. Una matundu mawili madogo tu. Spana yake maalumu inauzwa, lakini ya mzee ni bapa la chuma alilolichomelea pini mbili, akazipiga tupa mpaka zikaingia bila kucheza. Kutocheza huko ndiko kila kitu. Pini ikilegea, hula tundu, na mfuniko hautatoka tena.

Mpaka hapo ilikuwa kazi ya grisi, kutu na jasho. Mara tu silinda inapofunguka, mtu yule yule hubadilika. Hunawa mikono, hutandika karatasi safi, hupanga kila gololi na springi yake kwa zamu zilivyotoka, na matambara yote hupelekwa mbali. Uzi mmoja wa tambara ukinasa chini ya gololi ya vali, mashine itashuka usiku kama ilivyokuwa ikishuka, na kazi yote imekuwa bure. Vipande huoshwa, hupulizwa kwa hewa, havipanguswi. Oringi mpya hulinganishwa na ya zamani kwa unene na upana, si kwa macho tu, na huchovywa kwenye oili ile ile itakayoishi nayo kabla ya kupachikwa. Rodi huzungushwa taratibu chini ya ukucha. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya itachanika hapo hapo. Kishimo kidogo husuguliwa kwa msasa laini uliolowa oili, kikubwa ni rodi nyingine. Huwaambia wenye boti waoshe mashine kwa maji matamu, nao hucheka, maana maji ya mji huu hutoka visima vya Shela na watu wenyewe wanayagombea. Yeye hajibu. Huwaonyesha rodi.

Kujaza oili ni kazi ya kurudiarudia. Hujaza, huipandisha, huishusha, hungoja povu lizimike, huipandisha tena, hufungua kizibo, huongeza. Hewa iliyobaki ndani hushindilika, na mashine hupanda kwa kusitasita. Ikitoka yote, mwendo unakuwa mmoja, na ule mpito wa rodi fupi na ndefu unasikika wazi. Ndipo plasta inabandikwa upya kwenye rodi, na boti inalala karakanani usiku mmoja zaidi, hata kama wageni wanangoja.

Akikabidhi boti humwonyesha nahodha namna ya kuiegesha, na hili wengi hawalijui. Inua mashine mpaka juu, weka kishikizo chini yake, halafu bonyeza kitufe cha kushusha. Nahodha husita: kushusha tena? Mashine haishuki, imeshakalia kishikizo. Zinazorudi ni zile rodi mbili fupi za trimu, zinaingia kwenye silinda zake mpaka mwisho, mahali ambapo chumvi na viumbe vya baharini havitazifikia mpaka safari ya kesho.